Ulimi wa Bati

Kanuni ile aliitunga Maganga mwenyewe, tena kwa kiherehere: kila mwisho wa muhula mwenyekiti wa Chama cha Mitambo atoke nje, mlango ufungwe, wanachama wamseme. Siku hizo chama kilikuwa na watu saba, wote marafiki zake, na kumsema kulichukua dakika tano, nne kati yake za kicheko. Ni rahisi kujichongea fimbo ukijua hakuna wa kuishika.

Sasa chama kina watu arobaini na mmoja, na Maganga alikuwa amekaa nje saa nzima.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, na upepo wa Mlandege, mtaa ilipo shule, ulipita kwenye sweta lake la shule kama hakuvaa kitu. Alitembea kutoka mlango wa karakana hadi kwenye bomba la maji, akarudi, akaenda tena. Ndani sauti zilipanda na kushuka. Mtu alisema jambo refu, na Maganga hakuweza kumtambua ni nani. Kutomtambua kulimkera kuliko baridi. Zamani angemjua kila mmoja hata kwa kikohozi.

Mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni. Humo mfukoni mlikuwa na ulimi.

Ulimi ndivyo walivyokiita kipande cha shaba, urefu wa kidole, kilichochongwa kwa tupa. Kikichomekwa mgongoni mwa Bati, ndipo nguvu ya betri hufika kwenye mota. Na Bati alikuwa mtu wa mabati, kimo chake kifuani pa mtu mzima, kichwa chake debe, miguu yake ikivutwa na mota ya waipa ya lori bovu. Maganga alimtengeneza kwa miezi minane, na hakuna mwingine aliyewahi kuuchomeka ulimi ule. Wenzake walishika koleo, walifagia, walipiga makofi. "Mtaunguza mota," aliwaambia, na kweli mota ilikuwa moja tu.

Jumatatu Bati angepanda basi kwenda Ilomba, Mbeya, kwenye shule iliyotaka kufungua tawi la chama. Ruhusa ilikuwa ya mwanafunzi mmoja, naye ni mwenyekiti. Maganga aliitaka safari hiyo mpaka usingizi ukampaa. Baba yake, aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Usukumani, aliahidi kusimama barabarani pale Igawa amwone mwanawe akipita na mtu wake wa bati. Mzee asiyejua kusoma angeiona elimu ya mwanawe kwa macho.

Ndiyo maana, wakati wa kutoka, Maganga aliinama kama anayefunga kamba za viatu, akauchomoa ulimi. Alijiambia hakukusudia. Mimi simwamini. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Basi yeye alitoka nalo. Wakinitoa, aliwaza, watanitafuta.

Ghafla ndani sauti moja ilisema, "Hapana." Kisha nyingine nyingi, "Hapana, hapana." Wamenikataa, alijisemea.

Halafu akasikia: kwacha, kwacha, kwacha.

Maganga alipapasa mfuko. Ulimi ulikuwamo, una joto la kiganja chake. Na Bati anatembea.

Mlango ulifunguliwa na Evarista, katibu wa chama, msichana wa Kalenga asiye na haraka ya maneno. Nyuma yake alisimama Bati, bado akitetemeka.

"Karibu ndani, ndugu Mwenyekiti."

Aliingia. Evarista alifungua daftari, akasoma: "Wanachama wamesema hivi. Mwenyekiti anawahi kuliko wote. Akieleza jambo, hata mgumu anaelewa. Ila anaeleza tu, hashikishi. Wako watu wana mwaka mzima hapa hawajamgusa Bati. Waliotaka abaki, thelathini na wawili. Waliotaka atoke, wanane. Amebaki."

Walipiga makofi. Maganga alikuwa akitazama mgongo wa Bati.

"Mmemwasha kwa ulimi gani?"

Didas, mtaalamu wao wa tupa, aliangalia sakafu. "Tulichonga wa pili, kaka. Mwezi wa nne."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulijua iko siku utaondoka na ule," alisema Evarista, bila hasira yoyote. "Tukaona tujiandae."

"Mlijua hivyo, na bado mmenipigia kura?"

"Kura ilitangulia. Halafu tukataka Bati akupokee mlangoni, tukakuta tundu tupu. Nikawauliza kama tupige upya." Alifunga daftari. "Wakasema hapana."

Aibu ilimpanda Maganga mpaka masikioni. Afadhali wangemtoa, aliyetolewa hupata wa kuwachukia. Watu hawa walimjua ndani na nje, uchoyo wake wakauchongea dawa miezi miwili kabla, kisha wakamtaka vilevile. Alimsogelea Bati, akautazama ulimi wa Didas. Ulikuwa laini kuliko wake na umekaa sawasawa.

Akilini alimwona baba yake pale Igawa, ameegemea fimbo.

"Jumatatu nenda wewe, Evarista," alisema. "Mwalimu nitamwomba mimi. Huku nitabaki na hawa ambao hawajagusa."

Evarista alilifungua tena daftari, akaandika.

"Mkifika Igawa, tazama mkono wa kulia. Kuna mzee atakuwa amesimama. Omba dereva asimame kidogo, umwonyeshe Bati."

"Akiniuliza uko wapi?"

Maganga alitoa mkono mfukoni, akamkabidhi kipande cha shaba.

"Beba na huu," alisema. "Uwe wa akiba."