Bi Mdogo wa Isakwisa

Isakwisa alirudi milima ya Uporoto kutoka Mufindi na mali mbili: kikohozi, na mti ndani ya debe. Kikohozi alijitafutia mwenyewe. Mti alipewa na mama wa Kizungu aliyemwajiri kutunza bustani mpaka nguvu zikamwisha.

"Wenzako wanarudi na cherehani," mkewe Ikupa alimwambia alipokuwa akishuka kwenye lori.

"Cherehani haitoi maua, Mama Anyitike."

"Na huo mti wako haushoni gauni."

Wakacheka. Siku hizo kucheka kulikuwa bado si kazi ngumu kwa Isakwisa.

Rododendroni, ndivyo ulivyoitwa kule bustanini. Isakwisa aliupanda kwenye tuta karibu na mlango, mahali mgomba ulipoukinga na jua la mchana. Alichanganya udongo na magome yaliyooza, juu akafunika majani makavu, akaunywesha maji ya mvua tu. Mizizi yake, alisema, ni laini kama nywele za mtoto na hulala juujuu. Jembe likiigusa, kwisha habari yake.

"Na jivu usiulishe kabisa."

Hapo Ikupa aliguna. Kila asubuhi jivu la jikoni huenda kwenye migomba, na migomba hunenepa. Mti gani huu unaochagua chakula? Akaubatiza Bi Mdogo, maana mke mkubwa hajawahi kubembelezwa hivyo.

Utani ulimfichia aibu. Kule milimani mwanamke hujulikana kwa uwanja wake, na kwake majani yalikuwa yanaozea mlangoni. Jumapili wanawake wakipita kwenda kanisani, shingo ziligeuka.

Mwaka wa tatu kikohozi kikamlaza Isakwisa. Mwezi huohuo Bi Mdogo akatoa vichipukizi vya maua, vinene, vimefumba. Ikupa alimbeba mumewe mgongoni kama mtoto akamtoa nje kuviona.

"Nikiyaona yamefunguka, naweza kwenda zangu."

"Wapi?"

"Sokoni," alisema, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Siku chache baadaye wakaja wanawake wa kanisa. Ndiyo desturi: nyumba yenye mgonjwa huletewa kuni, maji na mikono. Ikupa alikuwa ndani akimfunika mumewe, aliyelala macho yamefumba. Aliposikia mifagio akatoka. Majani yote yalikuwa yamekusanywa pembeni. Tusajigwe, kiongozi wao, alikuwa na jembe mkononi na beseni la jivu miguuni.

"Pole, Mama Anyitike. Uuguzi umekuzidi, hata uwanja umekushinda. Kapumzike, mti wenu tutautengeneza sisi."

Neno moja lingetosha kuwazuia. Ikupa alifungua mdomo, akamwona Lea, kijana kuliko wote, akilitazama lile lundo la majani yaliyooza huku ameziba pua.

"Ndaga, dada zangu," akasema. Asanteni.

Jembe likaingia. Jivu likamwagwa, kwa upendo kabisa, na wimbo juu yake.

Walipoondoka Ikupa alipiga magoti akalikwangua jivu kwa kucha, akarudisha majani, akamwaga maji yote ya mvua yaliyokuwa kwenye pipa. Wapi! Vichipukizi vilinyauka, vikawa vya kahawia, vikadondoka kimoja kimoja bila kufunguka.

"Yamefunguka?" Isakwisa aliuliza. Sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Yamefunguka, Baba Anyitike."

"Ya rangi gani?"

"Mekundu. Kama moto."

Isakwisa akamgeukia.

"Yule mama alinikatia tawi kwenye mti wa maua ya manjano. Tawi humfuata mama yake." Akavuta pumzi. "Miaka yote hii hukuniuliza hata rangi."

Ikupa akashika ukingo wa kitanda. "Ni mimi. Niliwaachia walime."

"Najua. Nilisikia jembe. Sauti yangu haikufika nje, nikasubiri ya kwako."

Hakumtania tena. Alifariki kabla ya Jumapili.

Siku ya maziko wanawake walikuja alfajiri na mifagio yao, na Lea akaanza palepale mlangoni. Ikupa akatoka na kanga yake ya msiba, akamnyang'anya ufagio.

"Hapa hapafagiwi."

"Lakini mama, mti wenyewe si umeshakufa?"

"Nimesema hapafagiwi."

Waombolezaji wakaingia wakikanyaga majani.