Bushi za Mjomba Matheka

Baba yangu, Mzee Munyoki, aliendesha malori miaka mingi hata masikio yake yakajua magari kuliko macho. Anaketi sebuleni kwetu Jericho na gazeti lake, gari linapita nje, naye bila kuinua kichwa anakwambia linaumwa wapi. Sasa nifikirie mimi, binti wa mtu kama huyo, nimependwa na Thuo, karani wa stoo kule Industrial Area, mwenye kigari cha michezo cha Kiingereza kilichoundwa kabla ya uhuru. Kilikuwa kizuri, chekundu, kifupi kama kiatu. Lakini kikiingia kwenye mashimo ya mtaa wetu kiligonga ko-ko-ko, na majirani walijua Ndindi analetwa kabla hata hawajaniona.

"Mwanamume ambaye gari lake linapiga hodi kabla yake, nyumba ataitunzaje?" Baba aliuliza. Thuo alipoomba ruhusa ya kuwaleta wazee wa kwao waje kuniposa, akapewa jibu: Jumapili ampeleke Baba kanisani, kijijini kwetu Tala. Gari likigonga hata mara moja, wazee wabaki kwao.

Nilikasirika, tena sana. Nilimpenda Thuo, na sikuona kwa nini ndoa yangu ining'inie kwenye bushi, zile raba zinazokaa kwenye maungio ya magurudumu ili chuma kisigonge chuma. Zake zilikuwa zimelika zote, na mwaka ule, 1983, vipuri vya gari kama lile vilikuwa adimu mjini kote. Fundi wa gereji za Grogan alimkatia nyingine kutoka kwa tairi kuukuu la lori. Zikaacha kugonga, zikaanza kulia kama mlango wa choo.

Ndipo akajitokeza mjomba Matheka, kaka ya mama, mchonga vinyago.

"Wachana na raba, kijana," alimwambia Thuo. "Magari ya Safari Rally yanawekwa bushi ngumu. Mimi nitakuchongea za mpingo. Wewe utazeeka, hizo hazizeeki."

Mwenye shida hachagui. Mjomba akazileta zikiwa nyeusi tii, zinang'aa, fundi akazipaka grisi na kuzigongelea mahali pake. Tukazunguka mtaa mzima. Kimya! Ni kweli matako yetu yalisalimiana na kila kokoto la Jericho, lakini gari lilikuwa kimya.

Jumapili Baba akaketi mbele na suti yake na kofia. Mimi nikakunjwa nyuma, penye nafasi ya begi. Njia nzima ya Kangundo alitega sikio upande wa gurudumu kama daktari anayetafuta ugonjwa kwa mtu mwenye afya. Kila shimo lilimrusha, kofia ikagonga paa, lakini hakupata kosa la kushika na nilimwona anavyokereka. Nilicheka ndani ya leso. Tulipopita Ruai akasema kwa shingo upande, "Mmm. Limetulia."

Mara, kraa! Gurudumu la mbele likalala, gari likakata kushoto lenyewe na kuingia kwenye mahindi ya watu. Likasimama. Tulishuka wazima wote watatu, tumejaa majani.

Baba alivua koti, akajilaza chini ya gari, akatoka na kipande cha bushi iliyopasuka. Nje kilikuwa cheusi, ndani cheupe kama muhogo. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyeusi pia. Akavinusa. Rangi ya viatu.

"Nani alikuchongea hii?" aliuliza.

Nilimwona Thuo akikitazama kile kipande na kuelewa kwamba amechezewa shere. Angetaja jina moja tu, lawama yote ingemtoka. Lakini angekuwa amemwaibisha kaka ya mama yangu mbele ya baba yangu, kabla hata hajanioa. Akatazama mahindi.

"Kosa ni langu, Mzee. Mimi ndiye niliyechagua vibaya. Fundi asilaumiwe."

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia papo hapo.

"Lakini Baba," nikaropoka, "ulisema likigonga. Halijagonga. Limevunjika."

Baba alikigeuzageuza kile kipande mkononi.

"Kijana, huu ni mjakaranda, mti laini tu. Na rangi hii naijua. Siku ya harusi yangu shemeji yangu aliniletea zawadi ya kiti cha mpingo, nikakikalia na suruali nyeupe, ikatoka nyeusi. Mama ya huyu nilimwambia nimekalia masizi, na mpaka leo anaamini." Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mlango wa gari. "Anayemfichia Matheka ni mtu wa nyumbani kwetu. Waambie wazee wako waje. Ila waje na basi."