Kijiko Kipi?

Saluni yangu ina viti vitatu na midomo isiyo na idadi. Ukikaa humo tangu asubuhi utatoka na kichwa kizuri na habari za mtaa mzima. Ukichelewa kuja nitakusamehe, lakini ukinyanyuka katikati ya hadithi, hapo tumegombana.

Anayechanganya rangi za nywele ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Mtaani wanamwita Jicho, maana hajawahi kupima kitu kwa chombo. Anaminya rangi kwenye bakuli, anamimina dawa ya kukolezea, anatazama, anasema "imetosha," na kweli imetosha. Mteja akitaka kahawia anatoka kahawia. Hatoki rangi ya karoti, kama wanavyotoka kwa yule jirani yetu ninayemheshimu sana na ndiyo maana simtaji.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyetaka kwenda chuo cha dawa. Tena ukubwani.

Ilianzia kwenye kijiko. Mwanawe alipokuwa mchanga alishikwa na homa, Jicho akambeba mpaka duka la dawa, akapewa chupa. Muuzaji akamwambia, "Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku." Jicho akauliza, "Kijiko kipi?" Maana nyumbani kuna cha chai, kuna cha kulia wali, na kuna kile cha mama mkwe wangu, ambacho anakiita kijiko lakini ukikitazama vizuri ni upawa. Muuzaji alicheka, akawaita na wenzake waje wamsikie. Jibu hakutoa. Mtoto alipona, tunashukuru, leo ana ndevu. Kicheko ndicho hakikupona.

"Wifi," aliniambia, "nataka na mimi nikae upande ule wa kaunta. Mtu akiniuliza kijiko kipi, nimjibu."

Chuo kilikuwa kinapokea watu wazima kwa mtihani wa kuingilia. Mwaka jana aliufanya, akafeli. Ukurasa wa vipimo ulimla mzima mzima: gramu, kilo, lita, sentimita, hakutoka na hata alama moja. Mwaka huu wakatangaza kwamba mlango huo wa watu wazima unafungwa, na huu ndio mtihani wa mwisho. Atakayekosa sasa amekosa jumla.

Bahati yetu, tuna mteja mmoja mwalimu wa kemia. Nywele zake ni msitu, kumsuka ni kazi ya nusu siku. Nami nikajisemea, mtu aliyeshikwa nywele atakimbilia wapi? Siku hiyo nikamkalisha, nikagawanya msitu, na kabla hajafungua simu yake Jicho akawa ameshavuta kigoda mbele yake, karatasi mkononi.

"Mwalimu, nisaidie. Nimebakiza hii tu."

"Haya, tuanze na nyepesi," Mwalimu akasema. "Kilo tatu ni gramu ngapi?"

"Elfu moja na tatu."

Mkono wangu ukasimama. Hata mimi niliyeacha shule kwa kupenda mitaa kuliko darasa najua kilo tatu za sukari zinavyokaa.

"Mita mbili ni sentimita ngapi?"

"Mia moja na mbili."

"Mbona anajibu vizuri hivyo?" akasema mama mkwe wangu kutoka kiti cha tatu. Kile kiti ni chake. Hasukwi, haoshwi, amekaa tu, na wateja wanasimama. "Wala hasiti."

"Hasiti, Mama, lakini anakosea," Mwalimu akasema. Hakucheka, na kwa hilo nilimpenda. Alimtazama Jicho kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. "Dada, unajumlisha. Kila swali unajumlisha. Nani alikwambia kubadili kipimo ni kujumlisha?"

Jicho akainua kidole kwenye saa yangu ya ukutani, ile iliyo juu ya kioo.

"Marehemu baba alinifundisha pale. Alisema mkono ukiwa kwenye saba, wewe sema saa moja. Ukiwa kwenye tisa, sema saa tatu. Unatoa sita. Ukitaka kurudi, unaongeza sita. Akasema, 'Mwanangu, hiyo ndiyo kubadili.' Sasa kilo na gramu wamesema elfu moja, basi naongeza elfu moja. Si ndiyo?"

Loo! Mwalimu alicheka kwa kichwa kizima, mstari niliokuwa nausuka ukanitoka vidoleni.

"Marehemu hakukosea," akasema akifuta macho. "Saa ndivyo ilivyo. Ila wewe umechukua sheria ya saa ukakipa kila kipimo. Hebu niambie, kilo sifuri ni gramu ngapi?"

Jicho akafikiri. "Elfu moja."

"Ati nini?" Mama mkwe akageuka na kiti chake. "Mfuko mtupu una gramu elfu moja? Niletee huo mfuko, binti yangu, tutajenga ghorofa!"

Saluni nzima ikaangua kicheko, na Jicho mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaiinua karatasi yake, akaitazama upya.

"Mfuko mtupu ni mtupu," akasema polepole. "Uupime kwa kilo, uupime kwa gramu, ni mtupu."

"Enhee!" Mwalimu akasema. "Sifuri zao zinakutana. Zikikutana, unazidisha au unagawanya. Kila kilo moja inakuja na gramu zake elfu, kama kuku na vifaranga. Kilo tatu?"

"Elfu tatu." Alisema kwa sauti ndogo, kama anaiba.

"Na saa?"

"Saa haina mtupu. Sisi tunaanza kuhesabu alfajiri, saa ya ukutani inaanza usiku wa manane. Kwa hiyo mianzo haikutani. Hapo ndipo unaongeza."

"Na barafu inapoanza kuyeyuka, kipimajoto cha Selsiasi kinasoma sifuri, cha Kelvini kinasoma mia mbili sabini na tatu."

Jicho akaruka kutoka kwenye kigoda. "Hiyo ni saa! Mwalimu, hiyo ni saa! Naongeza!"

"Mwenzako amepenya tundu la sindano," mama mkwe akaniambia. "Na wewe suka, mtu anapata baridi kichwani."

Kabla hajaondoka siku ile, Mwalimu aliyapitia majibu ya Jicho, akayakata yote kwa wino mwekundu ingawa hesabu zilikuwa sahihi. Jicho alikuwa ameandika elfu tatu, mia mbili, ishirini na tano, basi, hakuna gramu, hakuna sentimita.

"Elfu tatu nini? Ng'ombe? Dada, namba bila kipimo ni umbea usio na mwenyewe. Hujui nani kasema, hujui inamhusu nani."

Nikamwambia kwa heshima kwamba umbea wa saluni hii siku zote una mwenyewe. Lakini Jicho aliyashika yale maneno kama dua.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa darasa. Mteja akiwa chini ya mashine ya kukaushia anapigiwa kelele, "Mililita mia mbili na hamsini ni lita ngapi?" naye anajibu kwa kelele, "Robo!" Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, alileta utepe wake wa kupimia, tukawa tunapima milango kwa milimita. Hata habari za mtaa zilipimwa. "Yule bwana ana kilo ya ahadi," anasema mmoja. "Na vitendo?" "Miligramu." Jicho akaanza kuipima rangi kwenye mizani ya jikoni, ndipo tukagundua siri: jicho lake ni zuri, lakini umbea ukinoga linaongeza gramu kumi. Alikataa katakata. Tukajaribu tena kwa habari ya harusi ya jirani, ikaongezeka ishirini.

Ujumbe wa chuo ukaja kwenye simu: *Mtihani wa kuingilia utafanyika Jumamosi saa 9:00. Njoo na kalamu.*

Tukapanga vizuri. Asubuhi nimsuke aende na kichwa cha heshima, mchana ale ashibe, saa tisa aingie kwenye mtihani. Mama mkwe akasema atampikia mwenyewe, na kwa upawa wake.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia wa kichwa, mistari imelala kama shamba lililolimwa, upande wa kushoto bado umesimama wote kama umeona chui. Jicho alikuwa anarudia rudia ule ujumbe kwenye simu, kama unavyorudia barua ya mchumba. Mara akasema:

"Wifi. Hii tisa, ni tisa ipi?"

"Tisa ya tisa. Inamisha kichwa."

"Hawakuandika alasiri. Hawakuandika asubuhi. Wameandika namba tu."

"Saa tisa ni saa tisa!" Mama mkwe akadakia. "Wangetaka asubuhi wangesema saa tatu. Wewe mtoto, usianze."

"Mama, na kama aliyeandika alikuwa anaitazama saa ya ukutani? Mkono ukiwa kwenye tisa, sisi tunasema tatu. Yeye ameandika alichokiona."

Wote tukaitazama saa yangu juu ya kioo. Ilikuwa saa mbili na nusu, na ule mkono mdogo ulishaipita nane, unaitafuta tisa.

Tukapiga simu chuoni. Ikalia, ikalia, ikachoka. Tukapiga tena. Mimi nikasema, "Labda ni alasiri tu, wifi. Kaa. Utaendaje na nusu kichwa? Watu watasema nini?" Nakiri nilikuwa naionea huruma kazi yangu.

Jicho alikuwa ameshasimama. Kichana changu kilikuwa bado kimekwama upande ule wa msitu.

"Nikienda sasa nikakuta ni alasiri, nitakaa pale getini niote jua. Nikienda alasiri nikakuta ilikuwa asubuhi, sina chuo tena. Wifi, namba haina kipimo. Siwezi kuimeza hivi hivi. Kijiko kipi?"

Hapo hata mama mkwe akakubali, na si mara nyingi. Kisha akafungua kitambaa cha kichwani mwake, akamrushia. "Funga hiyo aibu. Kaka yako yuko wapi? We, baba! Acha hilo geti! Washa pikipiki!"

Wakaondoka wakiacha vumbi na sufuria jikoni inaungua.

Sisi tuliobaki hatukusuka mtu. Tulikaa tunaitazama saa. Ikafika saa tatu, ikapita. Mume wangu akarudi peke yake, tukamvamia mlangoni kama polisi.

"Wamemwingiza?"

"Mlango ulikuwa unafungwa. Aliruka kabla sijasimama vizuri, akakimbia. Kitambaa kilishapeperuka njiani, nikakikanyaga kwa tairi. Mama, nisamehe, nitakununulia kingine." Akapumua. "Ni asubuhi. Wameanza. Na viti vingi vitupu."

Mama mkwe akapiga kigelegele ambacho sijakisikia tangu harusi yangu. Mteja mmoja akaanza kulia, na hata simfahamu.

Jicho alirudi mchana, kwa miguu, nusu mistari nusu msitu, kichana bado kichwani. Msimamizi alikuwa amemtazama kile kichwa kwa muda mrefu, akamwuliza, "Dada, umepigana?" Naye akamjibu, "Ndiyo, na saa." Basi msimamizi akamwonyesha kiti.

Tukamkalisha, nikaendelea na upande wa kushoto, huku mama mkwe akimlisha chakula cha ile sufuria, kilichoungua chini na kuiva juu. Akatusimulia. Lilikuwepo swali la Kelvini, akaongeza. Lilikuwepo la kilo, akaukumbuka mfuko mtupu, akazidisha. Moja la dakika na sekunde anadhani alilikosa, maana alizidisha kwa mia badala ya sitini, akalikumbuka nje ya geti. Na la mwisho lilisema: chupa ina mililita mia moja, mgonjwa anakunywa mililita tano mara tatu kwa siku, chupa itamfikisha wapi?

"Nikaandika siku sita kamili, na siku ya saba atapungukiwa, anywe mara mbili tu. Kisha nikaongeza, 'Apewe na kijiko cha kupimia cha mililita tano, si cha chai wala cha nyumbani.'"

"Walikuuliza hayo ya kijiko?"

"Hawakuniuliza. Niliandika tu."

Mama mkwe akakitazama kijiko chake mkononi, akakitumbukiza tena kwenye bakuli.

Majibu yalichukua muda, na katika muda huo Jicho aliharibu vichwa viwili kwa mawazo, kimojawapo cha karoti kabisa, mpaka jirani yetu akatutumia salamu za pole. Ujumbe ukaja siku saluni imejaa hadi mlangoni. Alisoma, akakaa chini sakafuni kwenye nywele zilizokatwa. Nikamnyang'anya simu, nikawasomea wote: *Hongera. Umechaguliwa kujiunga na chuo. Ripoti Jumatatu saa 2:00.*

Niliyoyasikia baada ya hapo siwezi kuyaandika, ilikuwa kelele tupu. Mwalimu alikuwa kitini, akanyanyuka na mistari yangu yote ikining'inia. Mama mkwe alimkumbatia mteja asiyemjua. Mume wangu alikuja mbio na miwani yake ya kuchomelea, akidhani tunaungua.

Katikati ya kelele hizo Jicho alininyooshea mkono nimrudishie simu yake. Alijifuta machozi kwa kiwiko, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, huku Mwalimu akisoma juu ya bega lake:

*Asante sana. Saa 2:00 ipi?*