Vibati Kumi na Kimoja

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Taa aliwagawia wachimbaji taa mlangoni mwa shimo. Shimo lilipofungwa, akapewa beji, akawa anawatembeza wageni mji mzima kwa miguu: nyumba za safu, zahanati, kantini isiyo na paa, na mwisho chumba cha taa. Kampuni ndiyo iliyonunua rangi mpya, na kampuni ndiyo iliyoandika karatasi ya kuwasomea wageni. Karatasi ilisema kuwa mwaka shimo lilipojaa maji, wafanyakazi kumi na mmoja walitoroka kazi.

Walitoroka! Mumewe alikuwa mmoja wao. Wanawe walikua wakiitwa watoto wa mtoro, naye akameza tu, kama anayemeza mwiba wa samaki.

Asubuhi hiyo aliingia chumba cha taa na wageni tisa, akasimama kama aliyezabwa kofi. Ubao wa vibati ulikuwa umepigwa rangi, na kila msumari ulining'iniza kibati cha shaba chenye namba ya mchimbaji, kinachong'aa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama mkubwa," alijibu msimamizi wa ziara, mtoto wa mdogo wake, huku akijishaua. "Nimevitoa stoo. Ubao ulikuwa na vibati kumi na kimoja tu, utadhani mdomo wa kibogoyo."

"Mwanangu, umesoma mpaka ukapitiliza kituo." Akawageukia wageni. "Mchimbaji akishuka, anatundika kibati chake hapa. Akipanda, anakichukua hata kabla hajanawa uso. Kwa ubao huu wa mwanangu, watu mia mbili na arobaini wako chini mpaka leo."

Wageni wakacheka. Yeye akavuta ndoo, akaanza kuvitungua.

"Mama mkubwa, soma karatasi! Ukigusa kingine, unavua beji."

"Beji nimevaa juzi. Hawa kumi na mmoja niliwapa taa kwa mkono huu."

Mgeni mmoja, fundi cherehani, akamshikia ndoo. Wengine wakasogea kusaidia, naye akiwatajia vya kuacha. "Kumi na tisa, kiacheni. Sabini na nne, kiacheni. Mia na tatu..." Akakifuta kwa kidole. "Huyo wangu. Kiacheni."

Vikabaki kumi na kimoja.

"Haya, niambieni. Mtu anatorokaje bila kupanda?"

Fundi cherehani akamtazama msimamizi. "Jibu basi, bwana mdogo. Karatasi si unayo?"

Msimamizi aliifungua karatasi, akaikunja tena. "Beji, mama mkubwa," alisema.

Mama Taa akaivua, akamtia kiganjani, kisha akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka mbele yake.

"Virudishe ukitaka. Kesho nitakata tiketi kama mgeni, niingie, nivitungue tena. Na keshokutwa vilevile. Tuone nani atachoka."

Akatoka kuelekea kwenye shimo, na wageni wote tisa wakamfuata.