Redio ya Nyapara

Kila alasiri, mkewe alipotoka kwenda barazani kufuma na wenzake, mzee aliingia stoo, akaurudisha mlango na kuwasha redio mbovu. Nyumba nzima iliamini anaitengeneza. Tangu astaafu unyapara wa karakana, hakuwa na shughuli nyingine inayojulikana. Mikwaruzo ya redio ilimsitiri: mzee alikuwa akifuma.

Siku hiyo mkamwana wake alisukuma mlango akitafuta ufagio. Mzee akashtuka. Kidonge cha uzi wa bluu kikamponyoka mapajani, kikabingirika ukumbini mpaka barazani, naye akabaki ameshika ncha kama mtu aliyekimbiwa na mbuzi.

Mkamwana aliinamisha macho. Wiki nzima mama mkwe alikuwa akimpiga vijembe kuhusu uzi huo uliopotea. Nyumba hii, alisema, siku hizi ina panya wa miguu miwili. Mzee alivisikia mezani akaendelea kutafuna. Yeye aliyekuwa akiita kufuma kazi ya wasio na kazi, angeanzia wapi?

"Nitasema nilichukua mimi, Baba," mkamwana alinong'ona.

Heri angemtukana. Mzee akajikokota kuufuata uzi hadi barazani, masikio yakimwaka moto.

"Shemeji, redio imeota mkia?" aliuliza jirani, rafiki wa mkewe, na kumpokonya alichoficha nyuma ya mgongo. Kilikuwa kitambaa cha meza, ila mzee alikikaza kila kitanzi kama anayefunga nati, hata kikajikunja chenyewe. Jirani alikiweka sakafuni, kikasimama. Akauliza kama ni kitambaa au bakuli la supu. Wanawake wakacheka hadi wakafuta machozi.

Mkewe hakucheka. Alikuwa ameokota kidonge, akimtazama mkamwana aliyesimama mlangoni.

"Kumbe uliniibia uzi ukampe mzee achezee?"

Mkamwana akafungua kinywa. Mzee akainua mkono, kama alivyozoea kuinyamazisha karakana nzima, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo.

"Mwache mtoto. Niliiba mimi, nikakuacha umsute." Akakitazama kigoda kitupu kando ya mkewe. "Nilitaka kukaa hapa nanyi, mke wangu. Niliona haya kuomba."