Bendeji za Vita vya Mbali

Mwezi wa tatu wa vita, mshona nguo alichana shuka lake la arusi vipande vipande, akavichemsha, akavipiga pasi ya mkaa. Pembeni mwa bendeji aliyoimaliza kwanza alidarizi jina lake, ili majeruhi ajue wa kumshukuru. Wanawake wote wa mtaa walifanya kiherehere hichohicho. Vita vyenyewe vilikuwa mbali, ambako jeshi la Wazungu lilikuwa likimnyang'anya mfalme mweusi nchi yake. Kila asubuhi kinyozi aliwasomea wateja gazeti, nao walibishana hadi povu likawakaukia kidevuni.

Mabunda yalipelekwa bohari ya serikali kusubiri kibali. Karani wa bohari alikuwa mdogo wa mume wa mshona nguo.

"Wiki ijayo, shemeji," alisema. Akasema hivyo wiki sita.

Jumanne moja bendeji zilianza kuvuja damu, zikiwa bado zimefungwa kamba. Karani aliweka ndoo chini ya rafu, akawaita wenyewe.

"Njooni mfue. Zinaniharibia sakafu."

Walikuja na makarai.

"Majeruhi wangu kapigwa pajani," alisema jirani mmoja, akilipima doa kwa macho. "Na ni mnene, maskini, kama mume wangu."

Walicheka kidogo. Bendeji ya mshona nguo ilikuwa na doa dogo, lenye umbo la goti la mtoto. Walizianika, wakazirudisha. Kesho yake zilikuwa zimelowa tena, na doa la mtoto lilikuwa limetanda.

"Shemeji, zipeleke leo. Huyu mtoto anakwisha."

Karani hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Alimwonyesha karatasi.

"Kibali kilifika jana. Lakini ni cha bendeji mpya. Hizi zimeshatumika."

Wakaendelea kufua, siku baada ya siku, mikono ikawachubuka. Siku kinyozi aliposoma kwamba mji mkuu wa mfalme umetekwa, hakuna mteja aliyebisha. Mshona nguo alikwenda bohari na karai lake kama kawaida. Bendeji za wenzake zilikuwa zikitiririka. Yake ilikuwa kavu, nyeupe pe.

Aliishika kwa mikono miwili, akamlilia yule mtoto.

Karani aliichukua taratibu, akaikagua mbele na nyuma, akafurahi kwamba hatimaye angeweza kumsaidia.

"Hii haina doa, shemeji," alisema, akagonga muhuri. "Hii inaruhusiwa kwenda."