Matunguu Ishirini na Nne

Shangazi Kokubanza aliingia studio kwangu Bukoba bila hodi, wakati bwana harusi mmoja amekaa kitini kabana pumzi kama nilivyomwagiza. Akapita katikati yake na kamera, akanibandika karatasi kifuani.

"Soma."

"Shangazi, ngoja nimmalizie huyu, atazimia."

"Azimie. Soma."

Nikasoma. Ilikuwa amri ya Bwana Shamba, Mzungu aliyesimamia kilimo upande wetu. Kibanja cha Kokubanza, mjane wa Rugaibula, kijijini Kagoma, kimeonekana kuwa kiota cha fukusi, mdudu wa migomba. Migomba yote ing'olewe na kuchomwa moto Jumatatu. Ushahidi ni picha iliyopigwa na Datius wa Bukoba.

Datius ni mimi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Kwa asiyekijua kibanja, nieleze. Kile cha shangazi kilikuwa chakula chake cha kila siku, kahawa yake chini ya migomba, na kaburi la mumewe katikati. Mgomba ukiung'oa leo ukapanda mwingine, mwaka utapita na zaidi kabla hujala mkungu wake. Mjane wa miaka sitini ale nini mpaka hapo? Picha?

Bwana harusi akaachia pumzi, akachukua kofia yake, akaondoka. Sikumlaumu.

"Jina langu limefikaje kwenye karatasi ya Mzungu?" shangazi akauliza.

Nilijua limefikaje.

Mwaka ule, 1951, Bwana Shamba alikuwa akiandaa maonyesho mjini. Akaniita, akasema anataka picha za vitu ambavyo maumbile huvirudia. Ukurasa mzima uwe kitu kilekile, safu juu ya safu. Mimi kazi ya picha nilijifunza kwa rula: kila karatasi niliyoiunguza, fundi wangu alinikumbusha vidoleni. Tangu hapo mkubwa akiniagiza kitu huwa siulizi sana. Nikaenda Kemondo nikapiga mchanga ambao mawimbi yameuacha na matuta madogomadogo. Nikapiga magamba ya sato kwa karibu mno mpaka yakafanana na paa la vigae. Nikapiga matunda ya kahawa yalivyojibana kwenye tawi, fungu baada ya fungu. Kwa kweli niliipenda ile kazi. Nikawa naona mistari kila mahali, hata kwenye paji la uso la mwenye nyumba wangu akija kudai kodi.

Picha ya mwisho ilitakiwa iwe ya matundu ya fukusi, yule mdudu anayetoboa mgomba chini, kwenye tunguu lake. Nikaenda Kagoma. Shangazi alikuwa na kisiki kimoja kizee, mkungu ulishakatwa, naye alishapanga kukiondoa. Akakichimbua, akalikata tunguu kwa panga, vipande vitatu. Ndani matundu yamejipanga kama kitambaa cha kufumwa. Kitu kizuri, Mungu anisamehe.

Ila vipande vitatu havijazi ukurasa. Basi niliporudi kwenye chumba changu cha giza nikachapa kila kipande mara nane, nikakata kwa mkasi, nikabandika kwenye kadibodi safu kwa safu, kisha nikaipiga picha ile kadibodi. Nyuma yake nikaandika kwa mwandiko wangu wa Jumapili: *Matunguu ishirini na nne. Kibanja cha Kokubanza, Kagoma.*

"Niliandika jina lako kwa heshima," nikamwambia shangazi. "Nilitaka watu wa maonyesho walione."

"Wameliona. Sasa twende ukalifute."

Ofisini tulimkuta Bwana Shamba mezani, na pembeni yake Privatus, mkaguzi wake, kijana wa kwetu mwenye soksi ndefu. Kiswahili cha Mzungu kilikuwa safi kuliko changu.

"Bwana, picha ile si ya kweli," nikasema.

"Picha ni picha. Matunguu ishirini na nne mabovu katika kibanja kimoja. Nimeyahesabu mwenyewe."

"Uliyahesabu. Uliyatazama?"

Privatus akakohoa. Bwana Shamba akauliza kama mama huyu ni ndugu yangu. Nikasema ni shangazi yangu. Akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuelewa kila kitu.

Hapo ndipo nilipokasirika. Picha ilikuwa mezani na kioo chake cha kukuzia kando. Nikavichukua vyote viwili bila ruhusa.

"Tazama tundu hili limepinda kama ndoana. Hesabu vipande vitatu kwenda kulia. Ndoana tena. Vitatu vingine. Ndoana tena. Fukusi hawezi kutoboa tundu moja mara nane, Bwana. Hiyo ni kazi ya mkasi wangu na gundi yangu. Tunguu ni moja, la kisiki kilichokwisha kuzaa."

Akatazama kwa muda mrefu. Masikio yake yakaanza kuwiva. Nikadhani hasira itamwendea mwenyewe, lakini ilijua njia rahisi zaidi.

"Umeidanganya serikali," akasema.

"Uliniagiza vitu vinavyojirudia, nami nikavirudia. Kosa hilo nimelibeba. Lakini lori la Kagoma lipo kila siku. Kwa nini hukupanda ukaenda kutazama?"

Akavuta kalamu. Shangazi akamgeukia Privatus kwa Kihaya.

"Wewe ulikuja kwangu mwezi uliopita. Ulikula ndizi zangu mpaka ukafungua mkanda. Ulipita kibanjani. Uliona matunguu mabovu ishirini na nne?"

"Sikuyaona, maawe," akajibu, kwa neno letu la kumwita mama.

"Ukamwambia nini huyu?"

"Hakuniuliza, maawe. Alinipa karatasi nilete."

Bwana Shamba akaandika karatasi mbili. Ya kwanza ilifuta amri. Ya pili ilisema mimi ni mdanganyifu, na hakuna ofisi ya serikali itakayotumia tena picha zangu. Nusu ya chakula changu ilitoka kwenye ofisi hizo. Nikatia sahihi. Kuhusu mtu aliyeamuru kibanja kiteketezwe bila kukikanyaga, hakuna karatasi iliyoandikwa.

Jumamosi tukapanda lori la kahawa, shangazi mbele na dereva, mimi juu ya magunia na kamera yangu. Karatasi ya kwanza aliifunga kwenye pindo la kanga. Tulipofika Kagoma tukasikia majembe kabla hatujaiona nyumba.

Vibarua walikuwa wameanza mapema. Msimamizi wao akatueleza kwa upole kwamba Jumatatu wana kazi kwingine, na kesho ni siku ya ibada. Akaisoma karatasi, akampa pole kwa Kihaya, "Mpora, maawe," akawaita watu wake wakaondoka. Migomba saba ilikuwa chini. Mitatu ilikuwa na mikungu bado michanga. Matunguu yalikuwa yamepasuliwa, meupe kama maziwa, hayana hata tundu moja.

Shangazi hakulia. Alizunguka yote saba, akainama kwenye kila moja, kisha akasema, "Kamera iko wapi?"

Nikaitoa. Mkono wangu ulishazoea, nikaanza kuyavuta matunguu niyaweke mstarini. Akanipiga kiganja.

"Usipange kitu. Piga pale pale yalipoangukia."

Nikapiga. Jumanne ile picha ilikuwa kwenye dirisha la studio yangu, kubwa, mahali pa maharusi. Chini yake niliandika: *Migomba saba ya Kokubanza wa Kagoma. Iling'olewa kwa amri, haikuwa na ugonjwa.* Watu wa sokoni wakaanza kusimama. Aliyejua kusoma akawasomea wasiojua.

Alhamisi akaja Privatus. Shangazi alikuwa amekuja mjini siku hiyo, amekaa kwenye kiti cha wateja wangu kama mwenye nyumba.

"Datius, Bwana anasema uitoe."

"Anasema ni ya uongo?"

"Hapana. Anasema uitoe."

"Privatus," shangazi akamwita. "Toka nje uyahesabu matunguu."

Akatoka. Nikamwona kupitia kioo, kidole kinatembea juu ya picha na watu wamemzunguka. Akarudi.

"Saba, maawe."

"Matundu mangapi?"

Akatazama soksi zake. "Hakuna."

"Nenda ukamwambie hivyo. Safari hii asipokuuliza, mwambie tu."

Privatus akavaa kofia yake, akaondoka akipita njia ya ofisini. Mimi nikaanza kutabasamu. Shangazi akaniona.

"Wewe unacheka nini? Sijakusamehe. Machipukizi saba nimeshayatenga, mashimo bado. Kesho lori la asubuhi uwemo, na uje na jembe. Kamera uiache."